Kitufe Kimebonyezwa au Bado?

Programu yenyewe ilikuwa ndogo, haikufika mistari 60. Kazi yake ilikuwa kusoma kipimo cha maji kwenye tangi kila sekunde, kuandika kiwango kwenye skrini, na kujizima pale msimamizi wa pampu atakapobonyeza herufi z. Nilimwandikia mzee mmoja anayeangalia kisima cha mtaa. Niliijaribu mezani kwangu nikaona inakwenda, nikaiweka kwenye kompyuta yake, nikarudi nyumbani. Kesho yake akanipigia.

"Fundi, namba imeganda kwenye 71 tangu asubuhi, na maji yanamwagika."

"Shikamoo mzee. Nakuja."

Kosa lilikuwa langu na lilikuwa wazi. Programu ilisoma kipimo, ikaandika 71, ikafika kwenye mstari unaosoma kibodi, ikakaa hapo kusubiri. Isingeusoma tena ule mtambo wa kipimo mpaka mtu abonyeze kitu. Mezani kwangu nilikuwa nikigusa Enter kila mara kwa mazoea, na kila nilipogusa, kitanzi kilizunguka mara moja. Mkono wangu ndio uliokuwa ukiiendesha.

Kila anayeandika programu za konsoli hukutana na swali hili: nitajuaje kwamba kitufe kimebonyezwa bila kusimamisha kazi nyingine? Majibu yapo mengi na yote yana ukweli wa mahali fulani. Mmoja atakwambia utumie kbhit, mwingine atakwambia ufungue uzi wa pili, wa tatu atakwambia uchukue ncurses. Kinachokosekana mara nyingi ni maelezo ya nini hasa kimekwama. Miaka hii yote nimeona watu wakihangaika, nami nikiwa mmoja wao, kwa sababu tunadhani kusubiri ni kumoja. Kuna kusubiri kuwili, kila kumoja kuna mwenyewe, na dawa ya kumoja haiponyi kungine.

Fanya jaribio hili kwenye Linux. Andika amri ya cat peke yake, ubonyeze Enter, kisha andika neno simama bila kubonyeza Enter tena. Herufi sita zinaonekana kwenye skrini, lakini cat, ambayo kazi yake ni kurudisha kila inachopokea, haijarudisha hata moja. Haijapokea kitu. Aliyeziandika kwenye skrini ni kerneli, kupitia tabaka linalokaa kati ya terminali na programu. Tabaka hilo linaonyesha unachoandika, linafuta unapobonyeza kitufe cha kufuta, linafagia mstari mzima kwa Ctrl+U, na linashikilia kila kitu mpaka uidhinishe kwa Enter. Hapo ndipo cat inapokabidhiwa baiti 7 kwa mpigo: herufi sita na alama ya mwisho wa mstari.

Sasa toka kwa Ctrl+C, kisha andika stty -icanon; cat, ubonyeze Enter, na urudie neno lilelile. Skrini itaonyesha ssiimmaammaa. Herufi ya kwanza ya kila jozi imeandikwa na kerneli, ya pili imerudishwa na cat papo hapo. Hakuna aliyeigusa cat. Kilichobadilika ni tabia ya terminali. (Ukimaliza, toka kwa Ctrl+C na uandike stty sane ili mambo yarudi yalivyokuwa.)

Desturi hii ya kushikilia mstari ina sababu zake. Jina tty, ambalo bado limo ndani ya kila mfumo wa familia ya Unix, limetokana na teletype, mashine za kuandikia zilizounganishwa na kompyuta kwa waya. Teletype Model 33, iliyotoka mwaka 1963, iliandika herufi 10 kwa sekunde, juu ya karatasi. Kompyuta moja ilihudumia watu wengi kwa zamu, na kuiamsha programu ya kila mtu kwa kila herufi kulikuwa gharama. Kukusanya mstari mzima kwanza kulipunguza gharama hiyo, na kukampa kila mwandishi wa programu huduma ya kusahihisha makosa bila kuiandika mwenyewe. Ni uamuzi mzuri, na kwa programu nyingi mpaka leo ndio unaofaa. Programu inayouliza jina la mtu inapaswa kusubiri Enter.

Upande wa DOS historia ilikuwa nyingine kabisa. Kwenye PC ya IBM ya mwaka 1981, BIOS iliweka vitufe katika duara la nafasi 16 kwenye kumbukumbu, likiwa na alama mbili: moja inaonyesha pa kuchukua, nyingine pa kuweka. Alama zikiwa mahali pamoja, hakuna kitufe. Kwa hiyo nafasi zilizotumika zilikuwa 15 tu, na ukibonyeza cha 16 kabla programu haijasoma, mashine ililia. Kuuliza kama kitufe kimebonyezwa kulikuwa ni kulinganisha namba mbili. Ndiyo maana Turbo Pascal ilikuwa na KeyPressed na Turbo C ilikuwa na kbhit ndani ya conio.h, na waliojifunzia huko waliona jambo hili ni la mstari mmoja. Lakini conio.h haikuwahi kuwa sehemu ya C sanifu. Mtu akihamia Linux na daftari lake la Turbo C, anaitafuta kbhit na haipati, anaona Linux imepungukiwa. Haikupungukiwa. Kule DOS programu ilikuwa peke yake na mashine, huku terminali ni ya watu wengi na ina msimamizi.

Msimamizi huyo anaombwa kwa adabu. POSIX iliweka utaratibu mmoja wa kufanya hivyo: unachukua hali ya sasa ya terminali kwa tcgetattr, unaihifadhi, unazima ICANON ili herufi zipite bila kungoja Enter, unazima ECHO ikiwa hutaki zionekane, kisha unairudisha kwa tcsetattr. Wenyewe wa Unix huita hali ya kawaida iliyopikwa na hali isiyoguswa mbichi, na katikati yake ipo cbreak, ambapo herufi zinapita mojamoja lakini Ctrl+C bado inafanya kazi. Kwa programu nyingi ninapendekeza hii ya katikati. Ukienda kwenye mbichi kabisa, mtumiaji akibonyeza Ctrl+C utapokea baiti yenye thamani 3 na hakuna kitakachozimika, isipokuwa umeandika mwenyewe namna ya kuzima.

Huko ndiko kusubiri kwa kwanza. Ukikuondoa, umebaki na kwa pili: programu inapoita read na hakuna herufi, inalala. Kerneli inaitoa kwenye foleni ya prosesa na haiiamshi mpaka kitu kije. Hapa ndipo ushauri unapotofautiana, na hapa ndipo nina msimamo.

Njia ya kwanza watu wanayoifikia ni kuigeuza read isilale. Unaweza kuweka VMIN na VTIME kuwa 0, nayo itarudi papo hapo hata mikono mitupu. Tatizo ni kwamba itarudisha 0, na 0 hiyohiyo ndiyo alama ya kwamba mlango umefungwa na hakuna kitakachokuja tena. Programu haiwezi kutofautisha "bado" na "basi". Njia ya pili ni kuweka bendera ya O_NONBLOCK, ambapo read ikikosa kitu inarudisha kosa la EAGAIN, na hapo angalau "bado" ina jina lake. Lakini bendera hii haikai kwenye programu yako. Inakaa kwenye mlango wenyewe uliofunguliwa kuelekea terminali, na mlango huo mara nyingi ndio uleule ambao programu inaandikia matokeo, na ambao sheli iliyoianzisha inausoma. Ukiiweka kwa ajili ya kusoma, unaweza kukuta maandishi marefu yanakatika katikati kwa sababu kuandika nako kumekataa kusubiri. Ukifa bila kuiondoa, programu inayofuata inarithi mlango usiosubiri na kulalamika juu ya jambo ambalo haikulifanya. Baadhi ya sheli hurekebisha zenyewe, lakini usijenge juu ya hisani ya jirani.

Tuseme umefaulu kwa mojawapo. Bado utaandika kitanzi kinachouliza: kipo? hakipo. Kipo? hakipo. Mara mamilioni kwa sekunde, na kiini kimoja cha prosesa kinafika asilimia 100 bila kufanya kazi yoyote yenye faida. Kwenye kompyuta ndogo inayotumia betri na sola, kama ile ya kisimani, huo ni umeme unaotolewa kwenye kazi halisi. Wengi huweka usingizi wa milisekunde 10 ndani ya kitanzi, na hali inatulia. Hata mimi nimewahi kufanya hivyo. Lakini ni kama mtu anayekwenda mlangoni kila dakika kuangalia kama mgeni amefika, na mlango una kengele.

Kengele hiyo ni select, iliyokuja na 4.2BSD mwaka 1983, na dada yake poll. Unaiambia kerneli: niamshe kitufe kikija, au sekunde moja ikiisha, chochote kitakachotangulia. Programu inalala kabisa, haili umeme, na inaamka kwa sababu ya kweli. Kwa hiyo swali letu tulilianza vibaya. Tulitaka programu isisubiri, kumbe tulihitaji isubiri mambo mawili kwa wakati mmoja. Ukilielewa hili, kibodi inakuwa kitu kimoja kati ya vingi: unaweza kuongeza soketi ya mtandao au waya wa kipimo kwenye orodha ileile, na programu ikabaki na mahali pamoja pa kusubiria.

Kwa Python, moyo wa programu ya kisima ulikuwa hivi:

    kb = sys.stdin.fileno()
    zamani = termios.tcgetattr(kb)
    try:
        tty.setcbreak(kb)
        ijayo = time.monotonic()
        while True:
            baki = max(0, ijayo - time.monotonic())
            tayari, _, _ = select.select([kb], [], [], baki)
            if tayari:
                data = os.read(kb, 64)
                if not data or b"z" in data:
                    break
            if time.monotonic() >= ijayo:
                andika_kiwango()
                ijayo += 1
    finally:
        termios.tcsetattr(kb, termios.TCSADRAIN, zamani)

Mistari miwili hapo ina historia. Toleo langu la kwanza lilisubiri sekunde 1 kamili kila mara, na kiwango kiliandikwa pale tu sekunde hiyo ilipoisha bila kitufe. Mjukuu wa mzee akaweka daftari juu ya kibodi. Kitufe kikawa kinajirudia, sekunde haikuisha kamwe, na namba ikaganda tena. Ndiyo sababu sasa kuna ijayo: programu inasubiri muda uliobaki, na inatazama saa hata kitufe kikija.

Mstari wa pili ni os.read. Ungeandika sys.stdin.read(1), ungeona maajabu: mtu anabandika abz, unapata a, halafu select inasema hakuna kitu. Herufi b na z zimeshatoka kwenye kerneli na zimekaa ndani ya bafa ya Python, mahali ambapo select haiwezi kuona. Kosa hilihili lipo kwenye C kwa anayechanganya select na getchar. Ukichagua kusubiri kwenye mlango wa kerneli, soma kwenye mlango huohuo.

Wanaopendekeza uzi wa pili wana hoja. Uzi mmoja unalala kwenye read na kuweka unachokipata kwenye foleni, uzi mkuu unaendelea na kazi. Njia hii inakwenda kwenye mifumo yote na haihitaji select. Lakini nimepokea malalamiko mengi ya aina moja: "nimeweka uzi, mbona bado herufi haifiki mpaka Enter?" Haifiki kwa sababu uzi unatibu kusubiri kwa pili tu. Terminali bado imeshikilia mstari. Kwenye Java jambo hili linaumiza zaidi, kwa kuwa maktaba yake ya msingi haina njia ya kubadilisha hali ya terminali, na System.in.available() inarudisha 0 mpaka Enter ibonyezwe, hata mtu akiandika ukurasa mzima. Watu wa Java huishia kwenye maktaba ya JLine. Na uzi una swali lake la mwisho: programu ikitaka kufunga, nani atamwamsha aliyelala kwenye read?

Windows ina mambo yake. Huko select ni ya soketi tu. Konsoli inasubiriwa kwa WaitForSingleObject, na mtego wake ni kwamba inaamka kwa matukio yote: kitufe kuachiwa, kipanya kusogea, dirisha kupata au kupoteza zamu. Programu inaamshwa, inaita kusoma herufi, herufi haipo, inalala usingizi uleule tuliokuwa tunaukimbia. Inabidi kusoma matukio yenyewe kwa ReadConsoleInput na kuchagua yale ya kitufe kushuka, au kutumia _kbhit ambayo inachuja kwa niaba yako. C# ina Console.KeyAvailable na kwa kazi ndogo inatosha. Kinachonisikitisha ni ushauri wa kutumia GetAsyncKeyState kwenye programu za kawaida. Hiyo inauliza hali ya kitufe kwenye kompyuta nzima, hata mtu akiwa anaandika nywila yake kwenye dirisha jingine. Programu inayohesabu maji haina haki ya kujua hilo.

Tuseme sasa herufi zinafika. Zinafika kama baiti, na baiti si vitufe. Bonyeza mshale wa juu kwenye terminali yoyote inayofuata nyayo za VT100 ya mwaka 1978, utapokea baiti tatu: 27, 91, 65. Hiyo 27 ndiyo pia kitufe cha Esc. Ukiipata peke yake, je, mtu amebonyeza Esc au mshale ambao baiti zake mbili bado ziko njiani? Hakuna jibu la uhakika ndani ya baiti zenyewe, ila kungoja kidogo. Maktaba ya ncurses kwa kawaida husubiri milisekunde 1000, ndiyo maana Esc kwenye baadhi ya programu huonekana nzito. Mimi huipunguza hadi 50 au 100 kwenye mashine iliyo mbele yangu, lakini kwenye muunganisho wa mbali wenye mtandao wa kusuasua naiongeza. Vilevile Ctrl+I na Tab zote ni 9, na Ctrl+M ni 13 kama Enter. Na kuachiwa kwa kitufe hakutumwi kabisa, ndiyo maana michezo inayotaka kujua kidole kimeondoka lini haipati raha kwenye konsoli. Zipo terminali mpya, kitty ikiwa kinara, zenye itifaki inayoeleza hata hilo, ila huwezi kumlazimisha kila mtumiaji kuwa nazo.

Kuna mtego mmoja unaotuvizia sisi tunaoandika Kiswahili. Herufi zetu zote za Kilatini ni baiti moja moja kwenye UTF-8. Ukiijaribu programu kwa maneno ya Kiswahili, kusoma baiti moja kwa wakati kunaonekana sahihi mwaka mzima. Kisha siku moja mtu anabandika ng’ombe kutoka kwenye waraka, ambako alama ya ritifaa imepindwa na ina baiti tatu, na programu inapokea vipande vitatu visivyo na maana. Mwingine anaandika kwa hati ya Kiarabu, kama wazee wengi wa pwani walivyozoea, na kila herufi ni baiti mbili. Ukisoma baiti, zikusanye mpaka herufi ikamilike ndipo uiamue.

Na jaribu programu yako bila kibodi. Ikianzishwa na cron, au mtu akiilisha kutoka /dev/null, select itasema "tayari" kila mara kwa sababu mwisho wa faili nao ni habari. Asiyeangalia data tupu atazunguka kwa asilimia 100 mpaka mashine izimwe. Ile if not data iko pale kwa sababu hiyo. Kabla ya yote uliza isatty, na kama hakuna terminali, usibadilishe hali yoyote.

Anayejenga skrini nzima yenye menyu na madirisha asihangaike na haya kwa mkono; achukue curses au mrithi wake ncurses. Curses iliandikwa na Ken Arnold kule Berkeley, na mchezo wa Rogue ulikuwa miongoni mwa kazi za mwanzo zilizoitumia. Mpaka leo nodelay, timeout na halfdelay zake zinakupa kusubiri kwa aina zote tulizozitaja, na inakusanya baiti za mishale kuwa kitufe kimoja.

Kilichobaki ni kurudisha terminali kama ulivyoikuta. Ile finally inafanya kazi programu ikimalizika vizuri au ikikosea njiani. Mtu akibonyeza Ctrl+Z, inafaa kuirudisha kabla ya kusimama na kuibadilisha tena ukiendelea. Lakini kwa kill -9 hakuna programu inayopata nafasi ya kuaga, na terminali inaweza kubaki haionyeshi kinachoandikwa. Kwa hiyo kwenye ukuta wa chumba cha pampu, juu ya kibodi, nimebandika karatasi kwa herufi kubwa: HERUFI ZISIPOONEKANA, BONYEZA CTRL+J, ANDIKA stty sane, BONYEZA CTRL+J TENA. Mzee ameshaitumia mara mbili bila kunipigia simu.